Faini na Leseni Ng'ambo ya Mpaka

Dereva avukapo mpaka huingia chini ya sheria za mwenyeji wake. Akiwa katika safari yake binafsi, vazi la jeshi wala cheo cha polisi havimwondolei wajibu huo. Je, mahakama ya huko ikimtoza faini kwa mwendo wa kasi na kumzuia kuendesha, adhabu hizo humfuata nyumbani?

Jibu laanzia katika Mkataba wa Usafiri wa Barabarani uliotiwa saini Geneva tarehe 19 Septemba, 1949. Majirani zetu Uganda na Rwanda walijiunga nao katika miaka ya 1960. Kifungu cha 24 chairuhusu nchi mwenyeji kumwondolea mgeni haki ya kutumia leseni yake humo nchini, iwapo kosa lenyewe huleta adhabu hiyo kwa sheria zake. Yaweza kuishika leseni mpaka muda wa adhabu uishe au mpaka mwenyewe aondoke, lolote litakalotangulia. Yaweza pia kuiandika adhabu juu ya leseni na kuiarifu serikali iliyoitoa.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, chini ya mkataba huo, askari wa mpakani hana haki ya kubaki na leseni ya mgeni arudiye kwao. Pili, kurudishiwa leseni si kusamehewa. Dereva akirejea kabla ya muda kwisha na kushika usukani, atenda kosa jipya. Nayo faini isiyolipwa humngoja.

Majirani wengine wamekwenda mbali zaidi. Uingereza na Ireland zilitia saini mkataba mwaka 2015, ulioanza kutumika Agosti 2017. Kwa mkataba huo, dereva wa Ireland aliyezuiwa na mahakama ya Uingereza kwa mwendo wa kasi aweza kuzuiwa kwao pia.

Hivyo basi, dereva akikiri kosa, alipe mahali palipowekwa na sheria na kuitunza stakabadhi. Akilikana, aseme mbele ya hakimu, wala asitafute suluhu kando ya barabara. Naye askari aandike kosa kwa usahihi, kwa mgeni kama kwa mwenyeji. Fedha ipokewayo bila stakabadhi si faini, ni rushwa. Nayo huliaibisha taifa zima machoni pa jirani.