Gujarat: Nchi ya Simba, Kanga na Majahazi

Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja akitajiwa safari ya India, mawazo yake hukimbilia hospitali za Chennai au Taj Mahal. Gujarat haimjii akilini. Ni jambo la kushangaza, kwa sababu hakuna pembe ya India iliyoingia katika maisha yetu kama hiyo. Wengi wa wenye maduka ya vitambaa na nafaka katika miji yetu asili yao ni Kutch na Kathiawar, sehemu za jimbo hilo, na kachori na chevda tunazonunua jioni zimetoka kwao. Nchi hii tumeijua kwa upande wa dukani tu, tukiwa wanunuzi. Siku 10 hadi 12 zinatosha kuiona ilivyo yenyewe, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki mimi naiweka mbele ya ziara zote za India zinazouzwa leo.

Mlango wake ni Ahmedabad, mji ulioanzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati. Mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika orodha ya miji ya urithi wa dunia. Mji mkongwe umegawanyika katika mitaa midogo iitwayo pol, kila mmoja na lango lake, kisima chake, hekalu lake na mnara wa kulishia ndege. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja atajiona yuko kwao: vichochoro vyembamba, baraza za kukalia, milango ya mbao iliyochongwa. Hilo halikutokea kwa bahati tu, kwani milango mingi ya Unguja iliagizwa kutoka Gujarat au ilichongwa na mafundi wa Kigujarati.

Kuna msikiti mmoja mdogo ambao nasisitiza usipitwe. Umekaa katikati ya barabara zenye pikipiki na bajaji nyingi, na ulijengwa mwaka 1573 na Sidi Saiyyed, mtu wa asili ya Uhabeshi aliyetumikia usultani wa Gujarat katika siku zake za mwisho. Simama nyuma yake upande wa magharibi, utazame madirisha. Jiwe limetobolewa likawa mti: shina linapanda, matawi yanajipinda na kupishana na mnazi uliosimama katikati, majani yanajaza upinde mzima, na mwanga unapita katika kila tundu. Chuo cha usimamizi cha Ahmedabad kimelifanya dirisha hilo kuwa nembo yake. Waafrika waliokwenda India hatukufundishwa habari zao shuleni ila kama watumwa. Wengi walipelekwa utumwani, ni kweli, lakini baadhi yao walikuwa majemadari, na huyu mmoja aliuachia mji kitu chake kizuri kuliko vyote.

Jioni nenda Manek Chowk. Uwanja huo huo mmoja huuza mboga asubuhi, dhahabu na fedha mchana, na baada ya jua kuzama wachuuzi huburuta meza na majiko mahali penye maduka ya masonara yaliyofungwa, na soko linakuwa la chakula. Karibu kila kinachopikwa hakina nyama. Pombe pia hutaiona, kwani imepigwa marufuku katika jimbo hili tangu lilipoundwa mwaka 1960. Asubuhi inayofuata itoshe kwa nyumba ya Gandhi ng'ambo ya mto, alipoishi tangu 1917 mpaka alipoondoka kwa miguu mwezi Machi 1930 kwenda Dandi kuivunja sheria ya chumvi.

Kutoka hapo ni kilomita zipatazo 350 kwenda kusini-magharibi hadi msitu wa Gir. Najua swali litakaloulizwa: Mtanzania atasafiri mpaka India kwenda kutazama simba? Ndiyo, na yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Anayewajua simba wa Serengeti ndiye atakayeiona tofauti. Simba wa Asia dume ana manyoya machache kichwani, hata masikio yake yanaonekana, na chini ya tumbo ngozi yake ina mkunjo mrefu unaoning'inia. Hatembei katika nyika tupu. Anatembea chini ya miti ya msaji, juu ya majani makavu, akiwinda paa wenye madoadoa waitwao chital. Zamani jamaa zake walienea kutoka Syria na Uajemi hadi mashariki ya India. Bunduki ziliwamaliza kote, na mwanzoni mwa karne ya 20 walibaki wachache tu katika msitu huu mmoja, wakalindwa na Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh. Simba wote wa Asia walioko porini leo ni uzao wa hao wachache.

Hesabu ya mwaka 2020 ilipata simba 674, na ile ya 2025 ikapata 891. Zaidi ya nusu sasa wanaishi nje ya hifadhi yenyewe, kwenye mashamba na vichaka mpaka karibu na bahari. Ndani ya msitu wako pia wafugaji wa Maldhari na nyati wao wa maziwa, wakilala katika maboma ya miiba. Simba huwachukulia mifugo, serikali huwalipa fidia, na maisha yanaendelea. Nimemwona mzee akipita na kundi lake, fimbo mabegani, simba jike akiwa amelala kivulini umbali wa kurusha jiwe. Mzee aligeuza shingo, akamtazama, akaendelea kupiga mluzi kuwaita nyati wake. Dereva wetu hata injini hakuizima.

Lakini kuna jambo linalonitia wasiwasi, na Mtanzania atalielewa haraka. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Tulikuwa na simba wengine Ruaha, Selous na kwingineko. Gir haina kwingineko. Mwaka 2018 virusi hivyo hivyo vilifika, wakafa simba zaidi ya 20 katika wiki chache. Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeamuru tangu 2013 kwamba baadhi yao wahamishiwe Kuno, katika jimbo jirani la Madhya Pradesh, ili wawe na makao ya pili. Gujarat haikuwatoa, na mwaka 2022 Kuno ikapokea duma kutoka Namibia badala yake. Fahari ya jimbo kumiliki simba peke yake naielewa. Siioni kuwa sababu ya kuwaweka wote mahali ambapo tauni moja inaweza kuwafikia.

Kando ya msitu, kijijini Jambur, wanaishi Masidi, wazao wa Waafrika walioletwa zama mbalimbali. Wanasema Kigujarati, ni Waislamu, na ngoma zao za kumsifu walii wao Nagarchi Pir zinapigwa kwa mkono ambao mtu wa pwani yetu ataujua kabla hajaambiwa. Hoteli huwaita usiku wacheze mbele ya wageni. Afadhali uende kijijini mwenyewe, mchana, uwaamkie, ukae nao mkekani.

Junagadh iko karibu, na wengi huipita wakikimbilia simba. Ipewe walau siku moja. Kuna mwamba wenye maagizo ya mfalme Ashoka yaliyochorwa karne ya tatu kabla ya Kristo, na kuna kaburi la Mahabat Maqbara, lililomalizika 1892, na kando yake kaburi la waziri lenye minara ambayo ngazi zake zinazunguka kwa nje mpaka juu. Kusini, kisiwani Diu, ipo ngome ya Wareno walioikalia tangu 1535 hadi 1961. Aliyeiona Fort Jesus ya Mombasa atakuwa ameshaiona nusu yake.

Mwendo mfupi kaskazini ya Junagadh ni Jetpur, mji ambao vitabu vya watalii havina habari nao. Sisi tunayo sababu ya kushuka garini. Hapa ndipo kanga na vitenge vingi vinavyouzwa kwetu huchapwa. Nguo hutandazwa na kuanikwa nje, doti kwa doti, na majina yetu ya Kiswahili yanakauka juani mahali ambapo hakuna awezaye kuyasoma. Mto Bhadar umeumia vibaya kwa maji ya rangi, na hilo nalo ni haki tulijue sisi tunaozivaa.

Kutch, upande wa kaskazini, ni nchi kavu ya chumvi. Bhuj, mji wake mkuu, ulibomoka katika tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, lililoua watu wapatao 20,000. Jirani yake ni Ajrakhpur, kijiji kilichoanzishwa baada ya tetemeko na mafundi wa nguo za ajrakh, ambao maji ya kijiji chao cha zamani yalikuwa yamebadilika. Rangi yao nyeusi hutengenezwa kwa kulowesha vyuma chakavu pamoja na sukari guru mpaka vichachuke. Fundi huchovya muhuri wa mbao, huupanga ukingoni mwa alama iliyotangulia kwa ncha za vidole, kisha huugonga kwa kisigino cha kiganja. Nguo itachovywa kwenye nili, itafuliwa, itachemshwa na mizizi ya rangi nyekundu, na itaanikwa tena na tena kabla ya kufika sokoni. Bei yake ni kubwa, na inastahili.

Kilomita 60 hivi kutoka Bhuj ni Mandvi. Kwenye kingo za mto Rukmavati majahazi makubwa ya mbao bado yanaundwa nje, juu ya magogo, mbavu zikiwa wazi na mafundi wakikalafati kwa pamba. Sasa yana injini, na yanafika Ghuba na Somalia. Karne ya 19 yalifika Unguja na nguo, yakarudi na pembe na karafuu. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Unguja tangu enzi za Seyyid Said, alikuwa mtu wa Kutch. Vilevile Tharia Topan, aliyeanzisha mwaka 1887 ujenzi wa zahanati ile nzuri inayotazamana na bandari ya Unguja.

Wakati mzuri wa kwenda ni Novemba hadi Februari. Gir hufungwa kwa mvua kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Oktoba, na vibali vya kuingia huombwa mapema kwa intaneti kwa sababu idadi ya magari ina kikomo. Anayependa maembe aende Mei licha ya joto, ayakute yale ya kesar yakipigiwa mnada Talala, jirani na msitu. Ikiwa siku ni chache, acha Diu, lala Ahmedabad usiku mmoja tu, na siku ulizookoa zipeleke Mandvi na Jambur.