Moyo Kushindwa Kazi: Nafuu Siyo Kupona



Mzee mmoja wa vijiji vyetu vya Kipatimu alilazwa akiwa amevimba miguu, na usiku hakuweza kulala mpaka aegemezwe kwa mito. Tulimpa dawa ya kupunguza maji mwilini, akarudi nyumbani akitembea. Baada ya mwezi aliletwa tena, anahema. "Sista, nilikwisha pona," akasema, "vidonge nikaviacha."

Moyo kushindwa kazi siyo moyo kusimama. Moyo ni pampu. Ukichoka, damu haisukumwi ipasavyo, na maji hubaki miguuni, tumboni na katika mapafu. Wengine hudhani mgonjwa amerogwa, wakapoteza majuma kwa waganga. Uchunguzi wa wagonjwa 427 wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ni miaka 55 tu, na chanzo kikubwa ni shinikizo la damu. Basi tupime presha mapema.

Mgonjwa afanye nini nyumbani?

1. Anywe dawa kila siku, hata akijisikia vizuri. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Zikibaki za juma moja, afuate nyingine, asingoje mvua iharibu barabara.

2. Apunguze chumvi, maana chumvi huvuta maji. Samaki wa chumvi kutoka pwani, hata akilowekwa, bado ana chumvi nyingi. Afadhali samaki mbichi au maharage, yakolezwe kwa ndimu na vitunguu.

3. Apime uzito kila asubuhi kabla ya kula. Kilo 2 zikiongezeka kwa siku 3, hayo ni maji, siyo unene. Asiye na mizani abonyeze mguu kwa kidole: shimo likibaki, na likizidi la jana, aje hospitali.

4. Asinunue dukani diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Dawa hizo huzuia maji kutoka mwilini.

5. Aache pombe na sigara, atembee kadiri ya nguvu zake.

Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, msingoje kupambazuke. Mleteni saa hiyo hiyo.

Ninyi jamaa, msimpikie mgonjwa chungu chake peke yake. Chumvi kidogo inawafaa wote nyumbani.

Mzee wetu alipata nafuu tena. Sasa mjukuu wake wa darasa la nne humbonyeza mguu kila asubuhi na kumhesabia vidonge. Jumatatu ya kliniki hufika kwa miguu yake mwenyewe.