Klachi ya Motokaa Iliyoongezwa Nguvu
Twaulizwa kama klachi ya Volkswagen 1200 yafaa injini ikiisha kuongezwa nguvu. Nguvu zikizidi sana, haifai. Sahani yake, ya milimita 180, huteleza juu ya gurudumu zito la injini. Injini hunguruma, motokaa isiongeze mwendo, na harufu ya kuungua ikatoka. Volkswagen 1500 ilipewa sahani ya milimita 200, nayo yataka gurudumu lake yenyewe. Wengine hulichonga gurudumu hilo, injini ipate kupanda mbio upesi. Kweli hupanda, lakini uzito ule ndio akiba ya nguvu wakati wa kuondoka, na ukipungua mno injini huzimika mlimani, mbele ya watu. Sisi twapenda lichongwe kidogo tu, kisha lisawazishwe, maana likielemea upande injini yote hutetemeka.