Majungu kazini: Mizani iliyofichwa huzaa fitina

Katika wilaya za Handeni na Korogwe hakuna haja ya kumweleza mzee maana ya kazi ngumu. Familia nyingi zimekula na kusomesha kwa jasho la mkonge. Leo wajukuu wanatafuta riziki katika ofisi za kutengeneza programu za kompyuta, Dar es Salaam na kwingineko. Wazazi hufurahi kwamba kijana wao anakaa kivulini. Lakini kivulini nako kuna dhuluma yake, nayo huitwa majungu.

Tuanze na lile tulijualo. Katika mashamba ya enzi za ukoloni, mkataji wa mkonge alipewa kadi iitwayo kipande, akatakiwa akamilishe siku 30 za kazi. Majani yalifungwa mafungu ya 30, kisha mafungu yakahesabiwa. Siku ambayo kiwango hakikutimia haikutiwa alama. Hatuusifu utaratibu ule, kwani ulikuwa mkali na manamba waliumia. Hata hivyo, mkataji alikijua kipimo chake, na mwenziwe aliyesimama kando aliweza kuhesabu pia.

Mtengeneza programu hana fungu la kuhesabiwa. Anaweza kushinda wiki nzima akitafuta kosa la mstari mmoja, na asiyejua akadhani amelala. Kampuni inapokua haraka, wakubwa wapya huteuliwa kabla hawajajua nani amefanya nini. Hapo mwenye ulimi humtangulia mwenye kazi.

Haya si ya kwetu peke yetu. Kampuni ya Microsoft ya Marekani kwa miaka mingi iliwataka mameneja wawapange wafanyakazi kwa madaraja, na sharti wapatikane wa kushika mkia hata kama wote wamefanya vizuri. Basi kuanguka kwa mwenzio kukawa faida yako. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2013.

Kampuni ya Uber, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kufika Dar es Salaam mwaka 2016, ilikua kwa kasi kubwa mno. Februari 2017, mhandisi wake wa zamani, Susan Fowler, alieleza hadharani jinsi alivyosumbuliwa na mkubwa wake na malalamiko yake yakapuuzwa. Alieleza pia jinsi mameneja walivyopigana vikumbo wakiwania viti vya waliokuwa juu yao, hata mmoja akajisifu kwamba alimficha kiongozi fulani habari muhimu ili ajipendekeze kwa mwingine. Uchunguzi ulifanyika, wafanyakazi wapatao 20 wakafukuzwa, na Juni mwaka huohuo mkuu wa kampuni, Travis Kalanick, akajiuzulu.

Tuzingatie basi. Fitina haikuletwa na kompyuta. Ilizaliwa pale ambapo kipimo cha kazi kilifichwa na sikio la mkubwa likawa ndiyo mizani. Dini yetu imekwisha kutuonya. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Meneja Mwislamu anayemshusha mtu cheo kwa neno alilonong'onezwa hana budi kuitafakari aya hiyo. Na anayenong'ona ajue kwamba anachokichukua ni riziki ya watoto wa mwenzake.

Kwa aliyedhulumiwa, subira haimaanishi kunyamaza. Aandike kazi alizofanya na tarehe zake, naye aseme na mhusika uso kwa uso kabla ya kumsema nyuma. Akiachishwa kazi bila haki, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda, na shauri hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa.

Nasi wazazi tuna wajibu. Kijana anaporudi nyumbani kwa sikukuu, tumezoea kumuuliza, "Bosi wako anakupenda?" Swali hilo humfundisha kujipendekeza. Tumuulize, "Kazi yako inapimwaje, nawe unawapima wenzio kwa haki?" Huenda siku moja yeye ndiye atakayeishika mizani.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ndimi zilizo salama. Amin.