Mishale Yako Si ya Bure

Msomaji wetu wa Isongole, wilayani Ileje, hucheza gemu la Minecraft. Anatueleza kuwa hukata miti mwenyewe, hutafuta gumegume mwenyewe, hufuga kuku mwenyewe, kisha huunda mishale. Swali lake: ikiwa hakununua kitu, mishale yote si faida tupu?

Si faida tupu. Jinsi gemu linavyochezwa anaijua, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye hesabu.

Sarafu ya vijiji vya Minecraft ni zumaridi. Kwa zumaridi 1, fundi mishale wa kijijini hununua vijiti 32, au, akishapanda ngazi, gumegume 26 au manyoya 24. Yeye naye huuza mishale 16 kwa zumaridi 1. Kijiti 1, gumegume 1 na unyoya 1 hutoa mishale 4. Basi mishale 16 hula vinne vya kila kimoja. Vijiti hivyo ungeviuza ungepata zumaridi 0.125, gumegume 0.154, manyoya 0.167. Jumla ni kama 0.45. Hiyo ndiyo gharama ya mishale uliyodhani ni ya bure. Kuiunda bado kunalipa, maana kuinunua ni zumaridi nzima, lakini umeokoa 0.55 tu.

Wachumi huiita gharama ya fursa. Mimi nasema bei ya kuachilia, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kile ulichoachilia kiende.

Mkulima wa Ileje mwenye gunia la mahindi ghalani anaijua bei hii. Akiamua kusaga auze sembe, hawezi kuhesabu ada ya mashine peke yake na kusema mahindi ni ya shambani kwake. Mnunuzi wa nafaka yuko tayari kumlipa leo, na anayesaga amemkataa mnunuzi huyo. Bei ya mahindi ikipanda mpakani asubuhi, gharama ya sembe yake imepanda asubuhi hiyohiyo, ingawa mahindi aliyavuna miezi mingi iliyopita na jasho lake halikuongezeka hata tone. Upande wa mapato, pumba nazo zina mnunuzi mwenye mifugo, kwa hiyo zihesabiwe pamoja na unga. Sembe, pumba, kisha toa ada ya mashine: kinachobaki kikizidi bei ya nafaka ya leo, saga, kisipozidi, uza gunia lilivyo.

Je, malighafi isiyo na mnunuzi? Hapo ndipo hesabu inaponoga. Hakuna mwanakijiji anayenunua chuma ghafi, lakini mhunzi hununua vipande 4 vya chuma kilichoyeyushwa kwa zumaridi 1, na makaa ya mawe 15 kwa zumaridi 1. Kaa moja huyeyusha vipande 8. Vipande hivyo 8 vina thamani ya zumaridi 2. Toa kaa, 0.07, zinabaki 1.93. Basi kila kipande cha chuma ghafi kina thamani ya zumaridi 0.24, ingawa sokoni hakina bei kabisa. Bei imerudi nyuma, kutoka bidhaa hadi jiwe, kupitia tanuri. Katika wilaya yenye makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo, hesabu hii si ya kwenye skrini peke yake: thamani ya kilicho ardhini huamuliwa na matumizi ya mwisho yanayokisubiri.

Angalizo moja muhimu: bei ya kuuza si bei ya kununua. Fundi mishale hukubadilishia changarawe 10 na zumaridi 1 kwa gumegume 10, wakati yeye hukudai 26 kwa zumaridi ileile. Ukilazimika kununua gumegume kwake, mishale 16 hugharimu kama 0.69 badala ya 0.45, bila kuhesabu changarawe. Bei hubadilika pia kadiri unavyouza, na muda wako una thamani yake.

Kwa hiyo kabla ya kuunda chochote, andika kila kiungo na bei ya juu kabisa ambayo ungepewa leo kama usingekitumia. Vijumlishe, kisha linganisha na bei ya bidhaa. Jasho la jana halimo kwenye hesabu hiyo. Mnunuzi wa leo yumo.