Sadaka Yenye Sitara kwa Waliohamishwa na Mafuriko

Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 ziliposhuka, Mto Tana ulipita kingo zake na kuwatoa watu majumbani mwao, tangu Madogo na Hola hadi vijiji vya delta upande wa Garsen. Wapokomo waliacha migomba na mpunga chini ya maji. Waorma wakakimbilia miinuko na mifugo waliyoweza kuiokoa. Wengi wetu tuishio mijini hatujui kwamba mto huu huweza kufurika hata mahali ambapo halijadondoka tone. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, yakapitia mabwawa ya umeme yaliyofuatana tangu Masinga hadi Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa pomoni, mkulima wa chini hufikiwa na mafuriko huku jua likiwaka.

Sisi akina mama wa mtaa mmoja tulifanya lile ambalo kila mtu hulifanya: tulikusanya nguo. Tulijaza magunia, tukakodi gari, tukasoma dua, tukaondoka. Nia ilikuwa safi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia. Lakini tulipoyafungua magunia yale mbele ya wenye shida, haya ilitushika. Mlikuwa na magauni ya harusi yenye shanga, sweta nzito na viatu vya mguu mmoja. Leso haikuwamo hata moja.

Bibi mmoja mtu mzima alitushukuru kwa dua nyingi, kisha akamvuta mwenzetu kando na kumwuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa na ndoo yenye kifuniko. Akaongeza kwamba wajukuu zake wawili walikuwa katika siku zao na hawakuwa na cha kujihifadhi, hivyo hawakutoka hemani tangu juzi. Hatukuwa na ndoo. Hatukuwa na sodo. Tulirudi nyumbani kimya.

Safari ya pili tuliuliza kwanza. Tuliwatafuta wazee wa kijiji, imamu wao, na vijana wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakiandikisha kaya, na hapo ndipo tulipoanza kujifunza kazi. Tuliambiwa kuwa unga na maharagwe si vya siku za mwanzo, kwa kuwa kuni zote zimelowa na sufuria zimekwenda na maji. Siku hizo hufaa tende, mikate na maziwa ya pakiti. Tuliambiwa tulete leso mbili mbili, chupi mpya, sabuni, vyandarua, na taa ndogo za jua, maana mwanamke huogopa kwenda chooni gizani. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni choo kimoja kwa watu 20 na maji lita 15 kwa mtu kwa siku. Anayejua jinsi maji yanavyohitajika kwa udhu, kupika na kufua ataona kwamba lita hizo si nyingi.

Si kila msaada ni kitu cha kubebwa. Mwalimu mmoja miongoni mwetu aliketi chini ya mwembe asubuhi nzima akiwaandikia watu majina na nambari za vitambulisho na kadi za kliniki zilizochukuliwa na maji. Mwingine aliwafundisha akina mama kuchanganya maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa.

Na tukemeane katika hili la simu. Mama aliyetoka usiku bila buibui, anayenyoosha mkono kupokea kibaba cha mchele, hakutupa idhini ya kumpiga picha na kuisambaza. Tulifanya hivyo siku ya kwanza. Tumezifuta.

Wahajiri walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu na Ansari. Saad bin Rabii alimtolea Abdulrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdulrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Kisa hiki tumekisikia tangu chuoni, ila hatukukifahamu vizuri mpaka tulipokutana na mama mmoja kambini ambaye hakutaka zamu ya pili ya mchele. Alitaka karai, mafuta na unga wa ngano. Tulimpelekea, na wiki iliyofuata alikuwa akiuza mahamri kwa wale wale waliokimbia pamoja naye, na kwa wajitolea pia. Tulinunua, wala hatukupunguziwa bei.

Masika yatarudi inshallah, na mto utabaki pale pale. Safari hii tunaweka akiba mapema: ndoo zenye vifuniko, leso, sodo na taa. Mwenye nguo aziangalie kwanza, na asilete ila ile ambayo yeye mwenyewe angeivaa mbele ya wageni.