Je, Wajua? Ini la Panya Hujaa Mafuta Angani
Siku 13 tu angani zilitosha. Panya waliorushwa na chombo cha Atlantis Julai 2011 walirudi na vitone vya mafuta ndani ya seli za ini, na vitamini A inayohifadhiwa humo ikiwa imepungua. Wapo wanaosema chanzo ni mshtuko wa kuruka na kutua, na hoja hiyo ina uzito, maana mshtuko huvuruga homoni kweli. Lakini panya waliokaa wiki kadhaa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, baadhi yao bila kupitia msukosuko wowote wa kutua, walikutwa na mafuta yaleyale. Basi wanaopanga safari ya Mirihi wasiangalie mifupa na misuli pekee. Ini nalo lipimwe.